Matairi ya muda kwa gari la spoti la zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wenye magari wa Dodoma

Haya ni maswali ninayoulizwa na wenye Altezza, Celica, MR2, Impreza na magari mengine ya aina hiyo yenye umri wa miaka ishirini na ushee. Wengi wao matairi yamewaishia kabla ya mshahara. Mimi si fundi. Nina Altezza, naishi Area C, kila siku naenda Mji wa Serikali na kurudi, na makosa mengi yaliyotajwa humu nimeyafanya kwa pesa yangu mwenyewe.

Ukisema "matairi ya muda" una maana gani?

Ni matairi ya kulifanya gari litembee salama wakati unajikusanya kununua yale unayoyataka, au wakati saizi yako bado iko njiani inatoka Dar. Hayafungwi ili gari likimbie. Mimi siku ya kufunga naandika tarehe ya kuyatoa, maana nimeona watu wamefunga "ya wiki mbili" na wakayavaa miaka mitatu.

Nina laki tatu tu. Ninunue mapya mawili ya bei ya chini au ya mtumba manne?

Swali hili ndilo linaloongoza, na jibu langu huwaudhi watu: mapya mawili, kama yale mawili mengine uliyonayo bado yana uhai na ni saizi sahihi.

Fanya hesabu. Tairi jipya la gari dogo huwa na kashata (ule mpira wenye mifereji unaokanyaga lami) yenye kina cha milimita 8 hivi. Vile vituta vidogo vilivyomo ndani ya mifereji, vya kuonyesha kwamba tairi limeisha, viko kwenye milimita 1.6. Kwa hiyo unanunua milimita 6.4 za kutumia. Tairi la mtumba lenye kina cha milimita 4, ambalo muuzaji ataliita "Mjapani mzima kabisa", lina milimita 2.4 za kutumia. Tuseme jipya la bei ya chini ni shilingi 150,000 na la mtumba ni 75,000. Jipya limekugharimu kama 23,400 kwa kila milimita, la mtumba 31,250. Na bado hujalipa kufunga na kubalansi, gharama ambayo ni ileile kwa yote mawili, ila kwa mtumba utailipa tena mapema.

Mtumba una maana pale tu kina kinapofika milimita 6 na kuendelea, umri wake ni mdogo, na bei ni nusu au chini ya hapo. Hayo yapo, lakini yanataka macho na subira.

Kama gari lako linaendeshwa na wili zote nne, sahau jibu hili. Ruka mpaka swali la Subaru.

Nikinunua mawili, nifunge mbele au nyuma?

Nyuma. Hata kama gari linavutwa na miguu ya mbele, kama Celica nyingi.

Mafundi wengi watakwambia weka mbele "maana ndiko kwenye usukani". Lakini tatizo la mbele linakupa taarifa: usukani unakuwa mwepesi, gari linakataa kukata kona, unaachia mafuta, linarudi. Nyuma ikiteleza kwenye lami yenye maji, gari linageuka kabla hujajua kinachoendelea, na ukikanyaga breki ndiyo umemaliza kazi. Kwa Altezza na MR2, ambazo nguvu iko miguu ya nyuma, hili halina mjadala.

Saizi yangu ni 215/45R17 na Dodoma siipati. Fundi anasema "weka hii, inakaa tu". Inakaa kweli?

Tairi karibu lolote la inchi 17 litakaa kwenye ringi ya inchi 17. Suala ni kimo chake likishakaa, na uzito linaoweza kubeba.

Kimo unakitafuta hivi: 215 ni upana kwa milimita, 45 ni asilimia ya upana huo inayoenda kwenye ubavu. Kwa hiyo ubavu ni kama milimita 97. Zidisha mara mbili, jumlisha na ringi (inchi 17 ni milimita 431.8), unapata karibu 625. Hiyo ndiyo namba yako. Tairi la muda lisitoke nje ya hapo kwa zaidi ya asilimia 2, juu au chini. Kisha angalia unachoweza kukuta madukani:

225/45R17 ina kimo cha 634, imezidi kwa asilimia 1.4. Inakubali ringi yenye upana wa kuanzia inchi 7. Hii kwangu ndiyo ya kwanza kuulizia, kwa sababu sedani nyingi za Ulaya huivaa, hivyo wauzaji huiagiza. Hakikisha tu haigusi ndani ya madigadi ukikata usukani mpaka mwisho, hasa kama gari limeshushwa.

205/50R17 ni 637, imezidi kwa 1.8. Inakubalika, ila uko ukingoni.

205/45R17 ni 616, imepungua kwa 1.4. Itafanya gari liwe chini zaidi, na matuta ya mjini kwetu hayana huruma. Tena hubeba uzito mdogo kuliko tairi lako la asili. Mimi siichukui.

215/50R17 ni 647, imezidi kwa asilimia 3.4. Hii ndiyo ile fundi anayosema "inakaa tu". Ilinikwangua ndani ya madigadi mzunguko mzima wa barabara ya UDOM, na sauti yake kama mtu anapasua kanga.

Je, nikishuka ringi? Nivae 15 au 16 za bei rahisi kwa miezi michache?

Kwa mfuko, hili ni wazo zuri kuliko yote kwenye ukurasa huu, na watu wengi hawalifikirii kwa sababu ya sura. Tairi la 195/65R15 linapatikana kila kona ya Tanzania kwa kuwa magari mengi madogo ya Kijapani yanalivaa. Kimo chake ni 634.5, yaani asilimia 1.5 juu ya 215/45R17 yako. Spidomita ikisoma 100, unaenda kama 101.5. Tairi la 205/55R16 liko karibu zaidi: 632. Yote mawili huandikwa 91, yaani kilo 615 kwa tairi moja, na ubavu wake mnene unavumilia mashimo ambayo 45 hupasukia.

Unahitaji ringi, lakini ringi za chuma za mtumba si ghali, na ukimaliza unaziuza karibu kwa bei uliyonunulia.

Kikwazo ni breki. Magari ya spoti yana diski kubwa na kaliper (kile chuma kinachobana diski) nene, na ringi ya 15 inaweza kugusa. Kwa hiyo kabla hujalipa hata shilingi, omba ringi tupu moja, ifunge mbele, kaza nati zote, zungusha kwa mkono. Ikikwama au ikikwaruza, jaribu 16. Usimruhusu mtu akusagie kaliper na grenda ili ringi iingie. Nimeona ikifanyika. Tazama pia nati: nati za ringi za spoti na za ringi za chuma mara nyingine hazilingani mahali pa kukalia, na nati isiyokaa vizuri hujilegeza yenyewe.

Gari langu lina saizi tofauti mbele na nyuma. Naweza kuvaa zinazofanana zote nne?

Chukua MR2 ya kuanzia 1993: mbele 195/55R15, nyuma 225/50R15. Injini iko nyuma ya kiti chako, uzito uko huko, na mkia wake unapenda kutangulia. Toyota waliweka mpira mpana nyuma kuuzuia. Tairi la 225/50R15 ni adimu kweli, na wenye MR2 huishia kuvaa 195/60R15 nyuma, ambalo kimo chake kiko ndani ya asilimia 2 na linakubali ringi ya inchi 7. Kwa kwenda kazini na kurudi, sawa, mradi namba yake ya uzito haijashuka chini ya ile ya asili. Lakini gari sasa lina mshiko mdogo nyuma kuliko alivyokusudia aliyelitengeneza, na kona ya kuingia mzunguko wakati wa mvua itakukumbusha hilo. Punguza.

Usigeuze kamwe, yaani mapana yakae mbele na membamba nyuma.

Nina Subaru Impreza. Tairi moja limepasuka. Nitafute moja linalofanana?

Samahani, ndugu yangu, wewe ndiye mwenye habari mbaya hapa. Katikati ya mfumo wako wa wili nne kuna difu (kwa otomatiki nyingi ni klachi) inayogawa nguvu mbele na nyuma. Matairi yakiwa na mzunguko tofauti, difu hiyo inafanya kazi muda wote, hata kwenye barabara iliyonyooka, inachemka, na mwisho inakufa. Subaru wenyewe wanaruhusu tofauti ya robo inchi tu, milimita 6.4, kwenye mzunguko wa tairi.

Sasa tafsiri hiyo kwenye kashata. Tairi likiisha kwa milimita 1, mzunguko wake unapungua kwa milimita 6.3. Maana yake milimita moja ya kashata imemaliza uvumilivu wote. Ukiweka tairi jipya moja kando ya matatu yaliyokwisha nusu, umevuka mara tatu.

Kwa hiyo: au manne mapya ya bei ya chini, au manne ya mtumba yaliyotoka kwenye gari moja, yenye chapa moja na kina kimoja. Muulize muuzaji kama seti yote ipo. Wanaofungua matairi ya magari yaliyotoka bandarini huwa nayo.

Nitalijuaje tairi la mtumba lililo zima?

(Kwa mgeni wa mji: mtumba hapa ni bidhaa iliyotumika. Mtumba ya Mji wa Serikali ni mahali. Ukimwambia dereva wa bajaji "nipeleke matairi ya mtumba" utafika kwenye wizara.)

Nenda asubuhi, mchana tairi likiwa juani kila mpira ni laini. Anza na tarehe. Kwenye ubavu mmoja, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikiwa hazionekani, ziko upande wa pili, ligeuze. Zikiwa zimekwanguliwa, ondoka. Watengenezaji wengi wanasema tairi lisivuke miaka 10 hata kama halijatumika. Mimi kwa jua la Dodoma sinunui lililovuka miaka 6.

Halafu likunje ubavu kwa mikono miwili na utazame kama nyufa zinafunguka. Wauzaji hupaka dawa nyeusi ya kung'arisha, kwa hiyo futa kwanza kwa kitambaa chenye maji. Pitisha ukucha chini kabisa ya mfereji wa kashata, huko dawa haifiki na nyufa hazifichiki. Ingiza mkono ndani ya tairi: ukipapasa kiraka mabegani au ubavuni, kataa. Ukiona ndani kuna mstari mweusi uliozunguka wote na unga wa mpira kama wa penseli iliyochongwa, hilo lilikimbizwa bila upepo. Nje litakuwa zuri. Nyaya zake zimekwisha.

Na sasa kosa langu. Mwaka wa kwanza wa Altezza nilimkuta muuzaji ana mawili ya saizi yangu, kashata zimesimama kama mpya, milimita 7 kabisa, na mikato midogomidogo mingi juu ya kila tofali la mpira. "Kaka, haya hayajaguswa, tazama." Nikatazama, nikalipa, nikafurahi. Siku ya tatu, natoka Kibaigwa saa nane mchana, gari likawa linayumba kama limewekewa godoro. Breki zinashika, lakini gari linasimama mbele ya pale ninapotaka. Nilidhani shokapu. Fundi wa pancha njiani, kijana mdogo tu, akainama, akasoma ubavuni, akacheka: "Bro, haya ni ya barafu."

Ubavuni paliandikwa STUDLESS. Magari yanayotoka mikoa ya baridi ya Japani huja nayo. Mpira wake umetengenezwa uwe laini kwenye nyuzi joto sifuri. Kwenye lami ya Oktoba ya Dodoma unakuwa kama ubani unaotafunwa, na kashata zinaondoka ukizitazama. Yangu yaliisha ndani ya miezi minne. Ukiona neno hilo, au alama ya chembe ya theluji, au majina kama Blizzak, IceGuard na Winter Maxx, au herufi Q baada ya namba ya uzito, acha, hata ukipewa kwa bei ya soda.

Na yale ya kuchonga?

Hapana. Tairi la gari dogo likifika kipara, juu ya nyaya hubaki mpira mwembamba tu, na anayechonga kwa kisu cha moto anaukata huohuo. Utalijua kwa sababu mifereji yake haina vile vituta vya milimita 1.6, au vituta vimekatwa katikati, na kuta za mfereji zina mikwaruzo ya kisu badala ya ulaini wa kiwandani.

Matairi mapya ya Kichina ni mabovu?

Maneno ya vijiweni. China inatengeneza matairi mazuri na mabaya, kama ilivyo kwa simu. Linglong, Triangle, Sailun, Westlake ni chapa zinazojulikana na zinauzwa mpaka Ulaya. Westlake na Goodride hutoka kampuni moja ya Hangzhou, kwa hiyo usilipie tofauti kubwa ya bei kati yake ukidhani umepanda daraja. Kwa matairi ya muda, jipya la chapa ya kati lenye umri wa mwaka mmoja linanitosha kuliko la jina kubwa lililokaa juani miaka minane.

Wazee watakutajia General Tyre ya Arusha na kutikisa kichwa. Nawaelewa, lakini kiwanda hicho kimesimama miaka mingi na hatuwezi kukisubiri.

Zile namba na herufi za mwisho, kama 87W, nizifuate?

Namba, lazima. 87 ni kilo 545, 91 ni 615, 94 ni 670, kwa tairi moja. Usishuke chini ya ile ya asili ya gari, hata kwa wiki moja.

Herufi ni spidi ya juu: Q 160, S 180, T 190, H 210, V 240, W 270. Gari lako pengine lilitoka kiwandani na V au W. Kwa muda unaweza kuvaa H, hata T, mradi dereva naye akubali kushuka. Ila fahamu kwamba herufi haihusu spidi peke yake. Tairi la T kwa kawaida lina ubavu mlegevu zaidi, na gari litajibu usukani kwa kuchelewa kidogo. Utalizoea baada ya siku mbili.

Nijaze upepo kiasi gani?

Fungua mlango wa dereva, tazama stika kwenye nguzo. Imeandikwa Kijapani, lakini tarakimu ni zetu sote: 220 kPa, au 2.2, ni psi 32. 230 ni 33. Ukiwa umebadilisha saizi kidogo kama nilivyoeleza juu, anzia hapohapo, na uangalie baada ya wiki mbili. Kingo zikiisha kuliko katikati, upepo ni mdogo. Katikati ikiisha, umezidi.

Pima asubuhi kabla hujatembea. Kuanzia Septemba mpaka mvua zianze, tairi lililotoka Morogoro mchana litasoma psi 4 au 5 juu, na kijana wa kompresa atataka "kulipunguza lisipasuke". Mzuie kwa upole. Lile lililopunguzwa likiwa la moto, kesho asubuhi litakuwa na upepo mdogo, na upepo mdogo ndio unaopasua.

Naweza kutembelea ile spea nyembamba mpaka mwisho wa mwezi?

Hapana, mkuu. Ile ni ya kukufikisha gereji. Imeandikwa ubavuni: psi 60, spidi isizidi 80. Spea nyingi ninazozikuta zina psi 20, kwa sababu hazijaguswa tangu Japani, na mafundi wengine huzijaza 35 kwa mazoea.

Tena kwa gari ambalo nguvu iko miguu ya nyuma, usiifunge nyuma. Chukua tairi zima la mbele lihamie nyuma, spea iende mbele, kama saizi za mbele na nyuma ni moja. Ni kazi ya jeki mara mbili, lakini difu ya nyuma itakushukuru, hasa kama ni ile ya LSD, inayozuia tairi moja kuteleza peke yake.

Fundi anataka kuweka tyubu ndani ya tubeless, yaani tairi lisilotumia tyubu. Nimkubalie?

Hapana. Tairi lenye ubavu mfupi linakunja na kusugua tyubu mpaka ichemke. Tubeless likichomwa na msumari linapumua polepole, tyubu inatoa upepo wote kwa mara moja. Kama uko Mtera na jua linazama, weka, tembea 40, ukifika toa.

Miiba je? Nakaa Nzuguni, njia yangu ni ya vumbi.

Mwiba wa mgunga unaingia kwenye tairi lililoisha kama sindano kwenye kitenge, na hiyo ni sababu nyingine ya kutonunua vipara. Tundu la mwiba kwenye mgongo wa tairi linazibika bila shida, kwa kamba ya mpira au, vizuri zaidi, kiraka cha ndani. Tundu la ubavuni halizibiki, hata likiwa dogo kama ncha ya kalamu. Usitoe mwiba mwenyewe porini kama tairi bado lina upepo. Uache hapohapo mpaka kwa fundi.

Naagizaje kutoka Dar bila kutapeliwa?

Maduka ya Kariakoo, upande wa Gerezani, yana saizi ambazo hapa tunaziota. Kabla ya kutuma pesa, omba picha mbili kwa kila tairi: tarakimu za DOT, na kashata ikiwa na karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo kando yake. Mwenye mali halisi hutuma ndani ya nusu saa. Anayesema "niamini tu, boss" hana tairi, au analo la 2014. Mzigo unapanda basi jioni, asubuhi unauchukua stendi ya Nanenane. Uliza nauli ya mzigo kwanza na uijumlishe kwenye bei, ndipo ulinganishe na duka la hapa mjini. Mara mbili nimekuta tofauti imekufa njiani.

Ukipokea, soma DOT tena kabla hujasaini kitabu.

Wili alaimenti ni lazima? Ni matairi ya muda tu.

Ndiyo, na sana. Gari la miaka 20 lina bushi zilizochoka, na kama limeshushwa, matairi yamesimama kwa kulala ndani. Kwa nje unaona kashata, kwa ndani limekwisha. Usitegemee macho: kata usukani mpaka mwisho, ingiza mkono nyuma ya tairi la mbele, papasa ukingo wa ndani polepole. Mimi kidole kilichomwa na uzi wa chuma uliochungulia nje, na upande wa nje wa tairi hilohilo ulikuwa na milimita 5. Ukifunga mengine bila kurekebisha, unalisha shimo lilelile.

Naweza kwenda nayo Dar, au Arusha kupitia Kondoa?

Kama ni mapya, yaende kilomita 200 za upole kwanza, kwa sababu yanatoka kiwandani na utelezi juu. Kama ni ya mtumba, safari ya kwanza iwe Chamwino na kurudi. Ukirudi, gusa kila tairi kwa kiganja: lililo la moto kuliko wenzake lina tatizo. Kwa Dar, zaidi ya kilomita 450, ondoka alfajiri, joto la lami ndilo linalomaliza tairi chovu. Usipite rasta za vijijini, vile vituta vidogo vilivyopangwa mfululizo, kwa kasi ukidhani zinalainika. Mpira wa 45 unazihesabu zote. Ukisimama Gairo, gusa tena.

Mvua zikianza?

Ile ya kwanza, ya mwisho wa Novemba au Desemba, ndiyo mbaya. Lami imekusanya vumbi na mafuta kwa miezi saba, na dakika kumi za mwanzo inakuwa sabuni. Matairi ya muda yaliyokuwa yanatosha Septemba hayatoshi siku hiyo. Chini ya milimita 3, mimi nachukua bajaji.

Ringi zangu za 17 zikae wapi wakati navaa 15?

Ndani, pasipo jua, mbali na jenereta na mafuta. Zikiwa na matairi, zilaze moja juu ya nyingine na upunguze upepo nusu. Matairi matupu yasimamishe na uyazungushe kidogo kila mwezi. Zangu ziko chini ya kitanda cha wageni. Shemeji alikuja Pasaka, asubuhi akauliza kama tunaishi jirani na kiwanda.